Chui Alipojitwalia Maporomoko ya Shela

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo anajibu kama ana uji wa moto mdomoni? Paukwa!

— Pakawaaa!

Milima?

— Ipo!

Maji?

— Yanashuka!

Jua?

— Limewaka!

Na masikio?

— Tumeyatega!

Haya, yashikeni vizuri, nakuja.

Hapo kale, katika nchi ya milima na jua, maji yalikuwa hayajui kuteremka polepole. Yakifika ukingoni, yanaruka. Kulikuwa na maporomoko ya Chiriri, membamba, yanashuka chiriri chiriri kama maziwa ya mbuzi yakikamuliwa. Kulikuwa na maporomoko ya Gubugubu, mazito, yanapiga bwawa gubu! gubu! mpaka meno yanacheza mdomoni. Lakini ukitaka kusema umefika nchi ile, sharti uwe umeyaona maporomoko ya Shela. Hayo yalishuka meupe, mapana, pwaaaa, na asubuhi jua likiyapiga, upinde wa mvua ulisimama juu ya bwawa. Wapita njia walisahau walikuwa wanakwenda wapi.

Kando ya Shela palikuwa na jiwe pana, bapa, linalopata jua la kwanza. Hapo ndipo alipokuwa akiota jua Bibi Pimbi na wanawe watatu. Pimbi mnamjua: kimo cha sungura, mkia hana, miguu mifupi, na baridi ya mlimani ndiyo adui yake. Kila asubuhi alitoka kwenye ufa wa mwamba, tipu tipu tipu, akajinyoosha juu ya jiwe. Akaanika tumbo. Akageuka, akaanika mgongo. Bila jua la asubuhi Pimbi hana nguvu hata ya kutafuna jani. Wale watoto ndio kabisa, walikuwa bado wadogo kama ngumi.

Shela hapakuwa na mwenyewe. Aliyekuja alijikaribisha, akala alichobeba, akatazama maji mpaka roho ikasuuzika, akaenda zake. Sheria ilikuwa moja tu, tena ya mababu: penye maporomoko hawindwi mtu. Mwenye hamu ya nyama ateremke bondeni.

Siku moja akaja Chui. Pua juu, mkia juu. Akatazama maji. Akatazama upinde. Akatazama jiwe.

"Pazuri hapa," akasema. "Basi ni pangu."

"Pako tangu lini, Bwana Chui?" akauliza Pimbi.

"Tangu sasa hivi. Maji yangu, upinde wangu, jiwe langu, na jua lililo juu ya jiwe langu. Ondoka."

"Bwana, hawa watoto watakufa kwa baridi."

"Hao peke yao ndio si wangu. Wachukue."

Pimbi angefanya nini? Mwenye nguvu mpishe. Akawarudisha wanawe kwenye ufa, upande wa kivuli, na watoto wakatetemeka, tetete, tetete. Yule mdogo kabisa akapewa jani, likamwanguka mdomoni. Pimbi akaona uchungu, akalia machozi ya kweli. Alipomaliza kulia akafuta uso, akaanza kusugua meno, krii krii krii. Pimbi akisugua meno namna hiyo, jueni anawaza.

Akatoka. Akapanda mpaka chini ya jiwe.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Bado upo?"

"Nimekuja kukupa hongera kwa kupata mji. Kwa hiyo wewe ndiye mwenyeji wa Shela?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Ungelisema kwa sauti, Bwana, majirani wasije wakabisha."

Chui akasimama juu ya jiwe, akajaza kifua, akanguruma: "Mimi ndiye mwenyeji wa Sheeelaaa!"

Milima ikaitika: laaa, laaa, laaa.

"Tumesikia," akasema Pimbi. Akateremka mlima, tipu tipu tipu.

Akafika Gubugubu, akawakuta wanyama wanaoga. "Jamani, mmeyaona maporomoko ya Chiriri?"

"Tumeyaona!"

"Na haya ya Gubugubu?"

"Si ndiyo haya tunayoyaoga?"

"Basi hamjaona kitu. Nendeni Shela. Upinde unasimama saa mbili asubuhi, na sasa pana mwenyeji. Bwana Chui mwenyewe!"

"Pana mwenyeji!" Habari ikapita bonde hadi bonde. Na hapo lazima niwaeleze desturi ya nchi ile. Mwenyeji hakai kabla mgeni hajakaa. Hali kabla mgeni hajala. Haoti jua kabla mgeni hajaota. Na mgeni haulizwi ataondoka lini. Chui aliijua desturi hiyo kuliko wote, maana miaka yote alikuwa akila kwenye nyumba za watu kwa desturi hiyo hiyo. Kwake yeye tu ndiko kulikuwa hakujapata kubishwa hodi, kwa sababu hakuwa na kwake.

Kesho yake jua lilipochomoza, Chui akapanda jiwe. Akakunja miguu, akashusha makalio, akataka kukaa.

"Hodi!"

"Karibu," Chui akajibu. Mdomo ulijisemea wenyewe.

Ni Pimbi na wanawe watatu. "Tumekuja kutazama maporomoko, Bwana. Tumetoka mbali." Akaonyesha ule ufa, hatua tano kutoka pale. "Watoto wamechoka na safari. Mgeni apewe jua."

Chui akatazama kushoto, akatazama kulia. Tumbili walikuwa juu ya mti wanachungulia, na tumbili wana midomo. Akashuka kwenye jiwe. Watoto wa Pimbi wakapanda, wakaanika matumbo, na yule mdogo akamaliza jani zima akaomba la pili. Moyo wa Pimbi ukatulia tuli.

Chui akatafuta mahali pengine. Akakunja miguu, akashusha makalio, akataka kukaa.

"Hodi!"

"Karibu."

Ni Ngiri na mkewe na watoto saba. Ngiri hula mizizi. Chui akachimba mizizi, kfu kfu kfu, kwa kucha zile zile za fahari.

Akakunja miguu, akashusha makalio, akataka kukaa.

"Hodi!"

"Karibu."

Ni Tembo, na mama yake, na shangazi zake wanne. Chui akapanda miti kuwachumia majani. Akichuma mzigo, shangazi mmoja anautia mdomoni, gwap! "Mwanangu, hayo ya kuonjea tumeyaona. Chakula kinakuja saa ngapi?"

Akakunja miguu, akashusha makalio...

— Hodi!

Eee, mmeshajua. Safari hii ni Mzee Kobe. Na Kobe hufupishi naye salamu.

"Habari za hapa?"

"Nzuri, mzee. Kaa."

"Habari za tangu siku zile?"

"Nzuri. Kaa, mzee."

"Na mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Na mjomba wako, yule mwenye kovu?"

Jua likafika utosini Kobe yuko kwa wajomba, Chui kasimama. Jua likainama Kobe amefika kwa mashemeji, Chui kasimama. Huku nyuma maporomoko yanashuka, pwaaaa, wageni wanasema "Ahaa! Tazama rangi zile!" na Chui hajayatazama hata mara moja, maana ameyapa mgongo. Kwenda bondeni kuwinda hawezi, kwani mwenyeji haachi wageni nyumbani. Akanywa maji, akalala na njaa.

Siku ya pili ikawa vilevile, na nyani wakaongezeka.

Siku ya tatu Chui akaamka anacheka peke yake. Mbavu unazihesabu, lakini anacheka. Akaleta jembe, akalitupa mbele ya jiwe, puu!

"Wageni wangu," akasema, "wahenga wamesemaje? Mgeni siku mbili..."

"...ya tatu mpe jembe!" wakaitikia wote.

"Basi ndilo hilo. Anzeni kulima, au mwende makwenu!"

Ngiri akaguna. Shangazi wa Tembo wakatazamana. Wote wakageuza macho kwa Pimbi, aliyekuwa chali juu ya jiwe anaanika tumbo.

"Bwana Chui amesema haki," akasema Pimbi. "Siku ya tatu mgeni anapewa jembe. Jamani, tushukuru, tuage, tuondoke."

Wakashukuru. Wakaaga. Wakaondoka wote, mstari mmoja, Tembo mbele na Kobe nyuma. Chui akapanda jiwe. Akakunja miguu, akashusha makalio, na safari hii yakagusa jiwe. Jiwe lilikuwa la moto, tamu. Akafumba macho.

Wageni wakazunguka bwawa mara moja. Wakarudi mlangoni.

"Hodi!"

Chui akafumbua jicho. "Si mmeondoka?"

"Tumeondoka," akasema Pimbi. "Wale walikuwa wageni wa juzi. Sisi ni wageni wa leo, ndiyo kwanza siku ya kwanza. Hodi, Bwana!"

Na nyuma ya mstari sauti nzito ikaanza: "Habari za hapa? Habari za tangu asubuhi?"

Chui akapiga yowe. Chui mzima, ndevu zote zile, akapiga yowe. "Si pangu! Si kwangu! Mimi si mwenyeji!"

"Sema kwa sauti, Bwana," akasema Pimbi, "majirani wasije wakabisha."

"Shela si paaanguuu!"

Milima ikaitika: nguuu, nguuu, nguuu. Chui akaruka jiwe, akaruka jembe, akamruka Kobe, akateremka mlima, vuruvuru, hakuaga. Tangu siku hiyo Chui hukaa juu ya mti, peke yake. Mti hauna mlango, hakuna wa kubisha hodi.

Wageni wakacheka mpaka wakachoka. Wakatazama upinde kwa siku yao iliyobaki, kila mmoja akajitafutia chakula chake, kisha wakaenda zao wameridhika. Kobe ndiye aliyechelewa, alikuwa hajamaliza kuaga.

Hapo ngano yangu inashusha mzigo. Kilicho kitamu gawaneni, kilicho kichungu niachieni mimi nitakila na chumvi.

— Na funzo?

Funzo mnalitaka? Haya, lishikeni. Wanangu, hila haimfikishi mtu popote. Mtazameni Chui: ameiona dunia, kahama miti na miti, kalala chini ya nyota za kila bonde. Pimbi na akili zake zote amefika wapi? Hajafika popote. Yuko palepale juu ya jiwe, kanenepa, na wanawe wanamwomba asogee kidogo.