Jiwe la Sikitu Mlangoni

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, maana hata waliokuwepo hawakubaliani, kulikuwa na mji wa gulio ulioitwa Ngojani. Kaeni vizuri. Wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize, kwa sababu mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Ngojani ulikuwa mji wa ukungu. Asubuhi za gulio ukungu ulishuka kutoka milimani, ukalala juu ya vitunguu na maboga, na watu wakauziana kwa sauti kabla ya kuonana nyuso. "Nani huyo?" "Mimi." "Una nini?" "Kunde." Mkono ulitoka ndani ya weupe, ukapokea, ukarudi ndani ya weupe. Jua likipanda, mtu anajikuta asubuhi nzima alikuwa akimpunguzia bei shemeji yake.

Kwa ajili ya ukungu huo walikuwa na desturi moja. Ukitaka kuondoka kidogo, unaweka jiwe mahali pako na kumwambia jirani, "Nishikie nafasi, nakuja." Basi. Jiwe lako ni wewe. Halirukwi, halikaliwi, wala halisogezwi, ila na mwenyewe au na yule aliyeambiwa "nishikie." Na watu wetu mnawajua, mtu anasema "nakuja" huku anakupa mgongo.

Palikuwa na Sikitu, muuza vyungu, binti mbichi kabisa, ana mtoto mchanga mgongoni. Asubuhi moja ya gulio akakumbuka kwamba nyumbani hakuna chumvi. Akaweka jiwe lake, kipande cheusi cha jiwe la kusagia. Akamfungua mtoto, akampa jirani yake Mwatumu, muuza viazi vitamu.

"Da Mwatumu, nishikie nafasi, nishikie na huyu. Nafika kwa muuza chumvi pale, nakuja."

"Usikawie, atataka kunyonya."

"Nakuja sasa hivi."

Akaingia ukunguni. Mwatumu alisikia kandambili zake, pa, pa, pa, kisha hakusikia kitu.

Gulio likavunjika, Sikitu hakuja. Watu wakasema, "Mwatumu, nenda nyumbani." Mwatumu akasema, "Amesema anakuja." Gulio jingine likaja, viazi vikauzwa, vyungu vya Sikitu vikauzwa, watu wakasema, "Mwatumu, ondoa jiwe hilo." Mwatumu akasema, "Amesema anakuja." Mtoto akaota meno, akatambaa akilizunguka jiwe, akajifunza kusimama kwa kulishika. Jina alilopewa na mama yake, Mwatumu hakuwahi kuliuliza, basi akamwita Tulivu. Na kila aliyepita na kutikisa kichwa aliambiwa yaleyale: "Amesema anakuja."

Mji nao ukakua. Meza zikawa vibanda, vibanda vikawa maduka. Wageni wakaja na magunia, wakaja na wake, wakaja na wajomba. Nyumba hazikutosha hata kidogo! Watu wakalala juu ya meza za gulio, miguu ya huyu kichwani kwa yule, wamebanana hata ndoto zikachanganyika. Muuza mbuzi aliamka akihesabu vitunguu. Muuza vitunguu aliamka akiita mbuzi kwa jina. Mzee mmoja aliota harusi nzima ya jirani yake, akaamka ameshiba pilau, na jirani akaamka na njaa na hasira.

Ndipo mkuu wa mji, Bwana Nyembo, akawaita watu wote uwanjani. Alikuwa mtu mwema, ila alipenda mambo yaende haraka. Akasema, "Tutajenga safu ya nyumba hapa, kutoka barabarani mpaka mtoni. Kila asiye na nyumba atapewa yake. Mwenye pingamizi aseme."

Lahaula! Ungedhani amechokoza nyuki.

Wauza mbuzi wakasema, "Mbuzi wetu watasimama wapi?" Bwana Nyembo akasema, "Ng'ambo ya mto. Pingamizi limesikika."

Wakaanga chapati wakasema, "Nyumba zitatuzibia upepo, moshi utaturudia machoni." Akasema, "Mtahamia upande unakotoka upepo. Pingamizi limesikika."

Akasimama bwana mmoja mwenye koti refu, akasema, "Mimi sina sababu. Sipendi tu." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bwana Nyembo akasema, "Nalo limesikika. Kaa chini."

Mwisho akasimama Mwatumu, mvi kichwani, magoti yanalia. Hakusema maneno mengi. Alinyoosha kidole tu, akasema, "Jiwe."

Watu wote wakageuka. Walikuwa wamelizoea hata hawalioni tena. Kamba ya mafundi ilikuwa imekwisha kuvutwa, na jiwe la Sikitu lilikuwa limekaa palepale pa kizingiti cha nyumba ya mwisho. Upande mmoja mto, upande mwingine kuta za watu. Hakuna pa kusogea.

Bwana Nyembo akambembeleza. "Bi Mwatumu, chagua nyumba yoyote katika safu. Chagua ya mbele, yenye jua. Liondoe tu jiwe hili."

"Niliambiwa nishike hapa," Mwatumu akasema. "Nikiwa kule nitashikaje hapa?"

Akaikataa ile nyumba ya jua, mbele ya watu wote. Nyumba hiyo akapewa mtu mwingine, na zile nyingine zikagawiwa zote. Ikabaki ile ya mwisho, yenye jiwe.

Na hapa ndipo moyo wangu huuma, kwa sababu aliyeitaka nyumba hiyo ya mwisho alikuwa Tulivu. Mtoto yuleyule! Sasa alikuwa mwanamke mzima, ameolewa na fundi anayeitwa Mashaka, ana mimba kubwa, na usiku analala ubavu juu ya meza ya gulio kwa kuwa hana nafasi ya kugeuka. Mvua zilikuwa karibu. Alikwenda kwa Mwatumu, akapiga magoti.

"Mama, nitamzaa mwanangu mezani, kama boga? Liondoe jiwe. Mama yangu ni wewe. Yule mwingine sikumbuki hata harufu yake."

Mwatumu akalia. "Tulivu, aliyenipa jiwe ndiye aliyenipa wewe. Alisema 'nishikie' mara mbili. Nitashika moja na kutupa jingine?"

Basi wakakubaliana hivi, Bwana Nyembo akiwa shahidi. Nyumba ijengwe, jiwe lisiguswe. Kama Sikitu atarudi kabla ya bati la mwisho kupigwa msumari, jiwe lake litasimama. Kama hakurudi, Mwatumu ataliinua kwa mikono yake mwenyewe, na Tulivu ataingia.

Tulivu alikanyaga udongo kwa miguu yake. Alifyatua matofali akiwa na tumbo lile, akayabeba, akayapanga. Mashaka akajenga. Na kwa kuwa mlangoni palikuwa na jiwe, na jiwe halirukwi, Mashaka alikuwa akiingia kupitia dirishani, kama mwizi wa nyumba yake mwenyewe. Mpaka kuta zikasimama, mpaka paa likafika, hakuna mtu aliyekuwa amepita mlango ule.

Asubuhi ya bati la mwisho ukungu ulishuka mzito kuliko siku zote. Mashaka alisikika juu akigonga, lakini hakuonekana. Nyundo ikalia, ikanyamaza. Sauti ikatoka juu ya weupe: "Tayari, mama."

Mwatumu akainama. Akaingiza vidole chini ya jiwe, machozi yakidondoka juu yake. Akalinyanyua upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa bado umegusa ardhi. Nasema tena, kwa sababu hapa ndipo watu hugombana: upande mmoja umeinuka, upande mmoja uko chini.

Pa, pa, pa.

Kandambili. Kutoka ukunguni akaja binti mbichi kabisa, kanga ileile, kifuko cha chumvi mkononi.

"Da Mwatumu, utanisamehe," akasema. "Foleni ya chumvi ilikuwa ndefu, mpaka nikahisi nasinzia wima. Kila aliye mbele yangu anasema 'nakuja,' na haendi. Mwanangu hajalia?"

Akamtazama Mwatumu, akaziona mvi. Akatazama ukuta mahali pa vyungu vyake. Kisha akajishika kifuani, na watu wakaona kanga yake imelowa maziwa.

Tulivu ndiye aliyesema kwanza. "Mdogo wangu, unamtafuta nani?" Alimwita mdogo wangu, maana kwa kuwatazama yeye ndiye mkubwa. Kisha akaliona lile paji la uso, ambalo huliona kila siku majini anapochota, akajishika la kwake.

Mwatumu akasema, "Sikitu, mtoto wako ndiye huyo. Hajalia."

Sikitu alilia kwa sauti ambayo wauza mbuzi waliisikia ng'ambo ya mto. Alimgusa Tulivu mashavu, akamgusa tumbo, akarudi nyuma. "Nimekwenda kununua chumvi tu," akawa anasema. "Chumvi tu, jamani." Ukungu ukaanza kuwa mvua.

Bwana Nyembo akafika na mwavuli, akasikia habari, akakuna kidevu. Akasema, "Nyumba hii ina chumba kimoja na mwenyewe mmoja. Wengine watakuwa wageni wake, atawakaribisha akipenda, wataondoka akichoka. Kila mtu aseme lake."

Sikitu akasema, "Jiwe ni langu, na jiwe ni mtu. Nilisema nakuja, nimekuja, na jiwe liko chini. Mnayo yote. Mwanangu mmekula utoto wake wote, mimi sikuonja. Sina hata siku moja ya kukumbuka. Nibakishieni basi hii nafasi niliyoiweka kwa mkono wangu."

Mwatumu akasema, "Jiwe lisiloshikwa lingekuwa limezama matopeni siku nyingi. Wewe uliliweka asubuhi moja, mimi nimeliweka kila asubuhi. Nimenyeshewa nalo, nimezeeka nalo, na nyumba yangu ya jua nimeikosa kwa ajili yake. Leo umekuja, nami nimeachiwa huru. Niende wapi na uhuru huo? Kwenye meza?"

Tulivu akasema, "Matofali ni yangu. Ndani ya jiwe hakai mtu, nyumba hukaliwa. Bati la mwisho lilipigwa kabla kandambili hazijasikika, Mashaka shahidi, na mkono wa mama ulikuwa umekwisha kuliinua. Msinilipishe mimi safari ya chumvi. Nilikuwa mgongoni, sikutuma mtu."

Watu wa Ngojani waliwasikiliza wote watatu. Kila aliyesema walimtikisia kichwa kumkubalia, na kila aliyefuata walimtikisia vilevile.

Bwana Nyembo akasema, "Mimi sijui. Lakini mlango huu haujapitwa. Mgeni hupiga hodi, mwenye nyumba hapigi. Atakayepiga hodi, amekubali kwamba nyumba si yake."

Mvua ikashuka sasa kwelikweli. Wanawake watatu wakasimama mbele ya mlango ulio wazi, ndani pakavu, panaonekana, panakaribisha. Hakuna aliyepiga hodi. Maji yakamtiririka Mwatumu kwenye mvi. Chumvi ya Sikitu ikaanza kuyeyuka na kumpita vidoleni. Na Tulivu akashika mwimo wa mlango, akainama, akatoa ule mguno ambao kila mwanamke aliyezaa anaujua.

"Piga hodi, mwanangu, uingie!" wote wawili wakasema kwa pamoja, mama huyu na mama yule.

"Sipigi," Tulivu akasema, meno yamekazana. "Pigeni nyinyi."

Najua mnachotaka kuniambia. Mtaniambia waingie wote, washikane mikono, yaishe. Kwenu huko nyumba zina milango mipana! Mlango wa Mashaka ulipita mtu mmoja, na wa mwisho lazima amkute wa kwanza yuko ndani. Mtaniambia mwenye uchungu ndiye aingie. Haya, ataingia, atazaa, mvua itakatika. Na kesho asubuhi, kikombe cha uji mkononi, nani atakuwa amekaa kwake na nani atakuwa amekaa kwa watu?

Mimi nawaacha hapohapo. Ukungu umewafunika tena, miguu mitatu imeinuliwa juu ya jiwe lililoinuka upande mmoja, na mtoto yuko njiani. Mnisaidie, kwa sababu nimeisimulia hadithi hii nikiwa binti, nimeisimulia nikiwa mama, na kila mara nimempa mtu mwingine nyumba ile.

Aliyeweka jiwe, aliyelishika jiwe, au aliyejenga juu ya jiwe: je, nani alistahili kuingia bila hodi, ageuke mlangoni, awatazame wenzake wawili wanaonyeshewa, awaambie, "Karibuni"?