Pembe ya Nakijwa Ndani ya Bomba

Ule mguno wa bomba kabla maji hayajatoka, unaowafanya mkimbilie ndoo na madumu mkipigana vikumbo, leo nitawaeleza ulikotoka. Zamani haukuwapo. Mji wenyewe ulikuwa vibanda vichache kando ya mto, na mto ulishuka kutoka milimani ukampitia kila mtu mlangoni. Hakuna aliyejua kufunga maji, isipokuwa watu wa bonde la Ighanda, huko juu kabisa.

Hao walichimba ndiva, vibwawa vya udongo na mawe vya kukinga maji ya kijito usiku kucha, ili mchana wanyweshe mashamba kwa zamu. Mwenye zamu alisafisha mfereji wake, akasimama shambani na kupuliza pembe ya kuro. Mlinzi wa ndiva akiisikia pembe, alizibua, maji yakateremka. Na mtu aliyetoa ardhi yake ndiva ichimbwe hakulipwa kitu. Zamu ya kwanza ilikuwa yake na ya uzao wake, ila ilikuwa aibu kwake kuitamka. Aliyeidai kwa mdomo alionekana hakulelewa, sawa na mgeni anayeuliza chakula kitaiva lini.

Nakijwa alikuwa mjane, na shamba lake lilikuwa pale bonde linapobana, maharage juu na magimbi chini, kaburi la mumewe Kiondo katikati. Shamba hilo ndilo lililomlisha yeye, binti yake Naetwe na wajukuu. Alikuwa mtu wa heshima zake. Alipopita njiani watu waliweka mizigo chini wamsalimie.

Mji ukakua, na ukikua mji hukua na koo lake. Siku moja wajumbe wakapanda mlima wakihema, mkubwa wao akiitwa Msabaha. Walitaka kujenga ukuta pale pale bonde linapobana, maji yajae nyuma yake, yapelekwe mjini kwa bomba. Watu wa Ighanda wangehamia mteremko ulio chini ya ukuta, ambao ulikuwa mkavu. Wazee walisema ardhi ni ya Nakijwa, akikubali yeye wao hawana neno.

“Mama, tumekuja kuomba,” alisema Msabaha. “Tuambie unataka nini.”

Nakijwa akacheka, na wenzake wakacheka. Mtu mzima kuuliza jambo kama hilo.

“Baba, hayo si yanajulikana? Jengeni.”

“Hutaki kitu?”

“Nimeshasema yanajulikana.”

Msabaha akateremka na furaha yake, akawaambia waliomtuma kwamba bonde limepatikana bure. Hakusema uongo, masikini. Ndivyo alivyosikia.

Maji yakapanda taratibu. Yakafunika magimbi, yakafunika kaburi, yakafika kwenye maharage. Nakijwa alitazama mpaka mwisho na hakulia, maana moyoni aliona ndiva kubwa kuliko zote zilizowahi kuchimbwa, na zamu ya kwanza ni yake. Kule chini ya ukuta akalima upya na Naetwe, akapanda mbegu, akachimba mfereji na kuufagia kwa mkono. Siku ya kunywesha ikafika. Majirani wakaja kushuhudia, naye akasimama shambani na kupuliza pembe.

Walinzi wakatokea juu ya ukuta. Wakasikiliza, mmoja wao akampungia mkono bibi anayejifurahisha na pembe yake, wakarudi ndani. Maji hayakuja. Alipuliza kesho yake, na keshokutwa, na kila asubuhi mpaka maharage yakakauka yangali na majani mawili mawili. Mashamba ya majirani nayo yakakauka, kwa kuwa kama wa kwanza hajapata, wa pili atapata wapi? Watu wakaacha kuweka mizigo chini kwa ajili yake. Mwishoni wakaacha hata kumsalimia.

“Mama,” Naetwe alimwambia, “watoto wamelala na uji wa pumba. Nenda kamwambie yule bwana. Sema kwa mdomo.”

“Niseme zamu yangu?”

“Sema, mama.”

Nakijwa alikwenda. Alimkuta Msabaha ukutani, amekuja kukagua maji, akaitamka ile zamu ya kwanza mbele ya walinzi. Uso ulimwaka kwa aibu. Msabaha alimsikiliza mpaka mwisho, na alionekana kuumia kweli.

“Mama, nilikuuliza mbele ya watu wote. Ungesema siku ile ningeandika. Sasa mimi sina uwezo. Anayefungua yuko mjini, na mji haushibi.”

Nakijwa akageuka akaondoka. Njia nzima ya kurudi alikuwa akilirudia neno moja, kwamba anayefungua yuko mjini. Kumbe walinzi wa ukutani hawakuwa walinzi wa ndiva. Siku zote hizo alikuwa akimpulizia pembe mtu ambaye hayupo.

Kwenye mteremko bomba kubwa lilikuwa na tundu la kupumulia. Nakijwa akapiga magoti, akaingiza ncha ya pembe kwenye tundu, akapuliza pumzi yake yote iende mjini. Akapuliza tena. Asubuhi Naetwe alimkuta ameliegemea bomba, amepoa, pembe ingali mdomoni. Ilipotolewa, sauti iliendelea kulia ndani ya chuma, ikishuka. Watu wa Ighanda wakamzika kwenye udongo mkavu, mbali na mumewe, wakatawanyika.

Na tangu siku hiyo, bomba la mjini huguna kwanza ndipo litoe maji. Mafundi watawaambia ni hewa, nao hawakosei, ni pumzi ya Nakijwa. Siku hizi mji umekuwa mkubwa hata wenyewe mnapewa maji kwa mgao, na usiku mnaacha bomba wazi msije mkapitwa. Basi likiguna, mnajua ni bibi wa Ighanda anaulizia zamu yake. Nanyi mnaamka, mnatega ndoo, mnajaza mpaka pomoni, kisha mnafunga.