Kinu cha Bi Kanga

Paukwa!
Pakawa!
Nimesema paukwa, mmesinzia?
Pakawa!
Basi sogeeni, bega kwa bega. Hii ya leo haisikilizwi na waliokaa mbalimbali.

Hapo zamani za kale, palikuwa na kitongoji cha nyumba tatu: ya Bi Kanga, ya Mama Ngiri na ya Bi Kobe. Mtawala wao alikuwa Jumbe Fisi. Kila walipotoka kutafuta chakula, walirudi wakakuta mtoto mmoja hayupo, au yai la Bi Kobe limetoweka.

Jumbe akamwambia Bi Kanga, "Mwizi wako ni Ngiri." Akamwambia Mama Ngiri, "Mwizi wako ni Kobe." Akamwambia Bi Kobe, "Mwizi wako ni Kanga." Kisha akapiga mbiu: ni marufuku kualikana, kila mtu ale kwake! Wakatii, wajinga wale. Wakapeana migongo, mpaka Bi Kanga akabakiwa na kifaranga mmoja tu.

Bi Kanga akamtazama kifaranga wake, akalia. Alipomaliza kulia, akakasirika.

Sasa, mnaijua ada yetu. Mlio wa kinu ukisikika, jirani huchukua mchi wake akaenda kusaidia. Haitwi. Anayengoja kuitwa, huyo si jirani.

Bi Kanga akabeba kinu chake, akakitua katikati ya zile nyumba tatu. Akamimina mtama, akamweka kifaranga miguuni pake, akatwanga huku akiimba:

Twanga, twanga, mie natwanga,
Mwenye masikio kasikia!

Siku ya kwanza hakuja jirani. Alikuja Jumbe Fisi.

"We Kanga! Si nimekataza kualikana?"

"Nimemwalika nani, Jumbe? Natwanga mtama wangu."

Fisi akakipiga kinu teke, mtama wote ukamwagika.

Siku ya pili Bi Kanga akarudi na mtama mwingine. Twanga, twanga. Mama Ngiri akachungulia mlangoni, mchi mkononi, akaogopa, akarudi ndani. Fisi akaja, akaumwaga mtama tena.

"Kesho nikikukuta hapa, nakula wewe na hicho kitoto chako!"

"Kesho utanikuta," akasema Bi Kanga.

Hee! Mdomo huo, na Fisi ana meno yale!

Siku ya tatu, twanga, twanga. Mama Ngiri akaja na mchi wake, uso kaukunja. Bi Kobe naye huyo, polepole, anauburura wa kwake. Hawakusalimiana. Lakini kinu kimoja chenye michi mitatu hakitwangwi kwa kununiana. Mmoja akishusha, mwenzake apandishe, la sivyo mtaumizana. Mchi wangu, mchi wako, mchi wake. Jasho likawatoka. Mwishowe Mama Ngiri akashindwa kujizuia.

"Bi Kobe, kwa nini uliwala wanangu?"

"Mie?" Bi Kobe akashangaa. "Mie nala majani, mwenzangu! Jumbe kaniambia mayai yangu anayadonoa Kanga."

"Na mimi kaniambia mwizi ni Ngiri," akasema Bi Kanga.

Wakatazamana. Michi ikasimama.

Mara Fisi huyo, mbio, mate yanamtoka, macho kwa kifaranga.

"Nani kawaruhusu kukusanyika?"

"Tumejiruhusu!" wakajibu wote watatu.

Mchi wa Kanga ukatua kiunoni mwa Fisi. Mchi wa Ngiri ukatua kiunoni mwake. Wa Kobe ulichelewa kidogo, lakini ulifika. Fisi akakimbia akiburuta makalio, na mpaka leo mgongo haujanyooka.

"Rudi, Jumbe!" Bi Kanga akampigia kelele. "Rudi, mtama haujalainika!"

Wanangu, jirani usiyeketi naye, adui ndiye atakayekusimulia habari zake. Na mkikatazwa kukaa pamoja, jueni yupo anayeshiba kwa kutengana kwenu. Msimwombe ruhusa. Tokeni na kinu.

Ngano yangu nimeitua hapo. Aliyeipenda ampelekee jirani. Asiyeipenda aseme hapa hapa, mbele ya watu.