Jina Chini ya Sufuria

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali sana maana kompyuta zilikuwepo na watu walikuwa wakizilaumu kama leo, palikuwa na mjane aliyeitwa Bi Kidawa. Marehemu mumewe alimwachia kiwanda cha sufuria. Chini ya kila sufuria iliyotoka pale paligongwa jina la Bi Kidawa kwa muhuri wa chuma, na wanawake waliozisugua kwa majivu walilijua jina hilo kuliko la diwani wao.

Kiwanda kilikuwa na mabanda mawili, moja la sufuria, jingine la mifuniko. Banda la sufuria lilikuwa na namba zake, banda la mifuniko lilikuwa na namba zake, na kila moja lilijiona ndilo lenye akili. Madukani nako namba hazikuwa na mwenyewe. Duka hili liliitaja sufuria kwa chakula kinachopikwa ndani yake, duka lile kwa shughuli inayoifaa, na agizo likifika kiwandani kila mtu alilisoma anavyojua. Mambo yalikwenda hivyo miaka na miaka, kwa bahati tu.

Siku ya harusi moja kubwa, bahati ikaisha. Mpishi wa shughuli, Bi Mkasi, alipika pilau katika sufuria mpya ya Bi Kidawa, akaifunika kwa mfuniko mpya wa Bi Kidawa, akapalia makaa juu. Mfuniko ulikuwa mdogo kidogo. Ulijishikiza mdomoni kwa shida, kisha ukazidiwa na uzito, ukazama. Makaa na majivu yakaingia kwenye pilau, na wageni walikuwa wameshanawa mikono.

Bi Mkasi hakwenda kumtangaza mitaani. Alikuja kiwandani, sufuria kichwani, mfuniko mkononi, akaviweka mbele ya mwenye jina.

"Dada yangu," alisema, "hawa wawili ni nani aliyewaoza?"

Bi Kidawa alicheka kwanza, halafu akalia. Hakuwa na mtoto, miguu ilikwisha kuanza kumkatalia, na jina ndicho kitu pekee alichotaka kukiacha kikiwa safi. Akawakusanya wafanyakazi, akaahidi kwamba atakayehakikisha sufuria na mfuniko wake havipotezani tena, huyo atakabidhiwa kiwanda, na jina lake ndilo litakalochongwa kwenye muhuri mpya.

Wakajitokeza watatu, na balaa ni kwamba wote aliwapenda. Riziki, muuzaji, Bi Kidawa alimlea mwenyewe tangu akiwa mchanga. Elikana wa kompyuta alikuja kupanga chumba tu, akaishia kuwa mwana wa nyumba. Fundi Nasoro, mkunja midomo ya sufuria, alifanya kazi na marehemu na hadi leo alimwita shemeji.

Riziki alitangulia. Alibeba sufuria za kila ukubwa, akazunguka duka kwa duka, soko kwa soko, akiuliza: hii mwaiitaje, mwapikia nini, mwaifunika kwa upi? Alinyeshewa, akasimangwa, akakirimiwa chai asiyoitaka. Alirudi sauti imemkauka, lakini alirudi na majina yote.

Elikana akafuata. Aliyapokea majina yale, akaingia mabanda yote mawili na utepe, akapima kila mdomo na kila mfuniko. Akafuta namba za banda hili na namba za banda lile, mabanda yote yakamnunia. Kila sufuria akaipa namba moja tu, na chini yake mfuniko wake, picha yake, vipimo vyake na majina yake yote. Aliyefungua kompyuta kiwandani, stoo au dukani aliona kitu kile kile. Agizo lilikuja kwa jina lolote, na mfuniko uliotoka ulikuwa sahihi.

Nasoro, kwa kweli, alikuwa akilalamika tu kwamba sufuria haitengenezwi kwa picha. Kisha likaja bati jipya, nene kuliko la zamani. Likamsumbua, akaupanua mdomo kidogo ili lisipasuke, asimwambie mtu. Kompyuta ikaendelea kusema ya jana. Lori likapakiwa sufuria hizo na mifuniko ya kipimo cha zamani, likaondoka kwenda harusini, na safari hii aliyekuwa akiolewa ni binti wa Bi Mkasi mwenyewe.

Hapo ndipo Nasoro alipoukumbuka mdomo alioupanua. Alidaka baiskeli, mzee wa watu, akalifukuza lori hadi kwenye njia ya reli, akailaza baiskeli mbele yake. Alilirudisha kiwandani, akamwambia Elikana mbele ya wote, "Nimeubadili mdomo nikanyamaza. Andika." Tangu hapo akaweka desturi: hakuna anayegusa kipimo kabla ya kukisema, na yeye ndiye wa kwanza kusema.

Sufuria zikapata mifuniko yake. Bi Mkasi akapalia makaa, mfuniko ukatulia, pilau ikaiva, watu wakala wakajilamba vidole. Jioni ile watatu wakaja mbele ya Bi Kidawa.

"Mama, bila mimi kompyuta ya Elikana ilikuwa tupu," alisema Riziki. "Nani angejua watu wanataka nini wanapotaja wanachotaja?"

"Bila mimi majina yako yangebaki makelele ya sokoni," alijibu Elikana. "Mimi ndiye niliyewafanya wote waone kitu kimoja."

"Mliona kitu kimoja, na kilikuwa cha uongo," alisema Nasoro. "Nyote wawili mngekipeleka harusini mkicheka. Hatari niliileta mimi, shemeji, sikatai. Lakini aliyeukimbilia ukweli ni nani?"

Bi Kidawa aliwatazama mmoja mmoja, akatamani angekuwa na viwanda vitatu. Akaushika muhuri mpya mapajani, uso wake bado laini, haujachongwa herufi hata moja. Nafasi yake ni ya jina moja tu.

Mchongaji ameshakaa mlangoni, patasi mkononi, anangoja kuambiwa. Nanyi mlioketi hapa mkinisikiliza, ambao nyumbani mna sufuria na mifuniko yenu, hebu msaidieni huyu mama: achonge jina la nani?