Mvua ya Bwana Shekuwe

Apa kwanza hutamwambia mtu. Umeapa? Hata mimi niliapa, ila ulimi unaniwasha.

Turubai la dharura la akina mama wauza mchele sokoni, lenye kiraka cha kanga, liliibwa masika yakikaribia. Bila hilo, mchele wa Bi Mashavu, mmoja wao, ungeoza. Alimshuku Shekuwe, tajiri wa sukari.

"Nikague duka lako, mwanangu?"

"Thubutu, bibi! Una shahidi?"

"Sina. Ila bati lako limetoboka. Mvua ikija je?"

"Nimejipanga!"

"Haya, baba."

Kesho yake mchana bati likarindima, maji yakamwagikia sukari. Shekuwe akakurupuka, akatandaza turubai juu ya magunia, kiraka cha kanga kikionekana. Kugeuka, soko zima limejaa mlangoni, limekauka kau, jua linawaka.

Juu ya bati, Bi Mashavu alikuwa ameshika ndoo.

"Mvua imekatika, baba. Tukunjie turubai letu."