Jiko Lisilokuwamo Ramanini

"Shauri la Kubomolewa kwa Jiko la Nje la Bi Mghoi" lilimfikisha afisa wa ardhi kijijini. Tajiri Mwachofi, aliyekitamani kiwanja cha Mghoi, alikunjua ramani ya enzi za mkoloni.

"Jiko la huyu liko wapi hapa? Ni pori tupu!"

"Kwa hiyo tufuate ramani, mzee wangu?" Mghoi aliuliza kwa upole.

"Yote, mpaka nukta ya mwisho!"

Afisa, aliyependa muhuri kuliko chai, akaugonga: ramani ifuatwe.

Mghoi akafungulia ng'ombe wake, akawaswaga hadi kwa Mwachofi; wa kwanza akaingia sebuleni.

"Wewe mwanamke, una wazimu?"

"Sina, mzee. Hebu itazame ramani yako: njia ya mifugo inapita hapa hapa penye kochi."

Kabla ng'ombe wa pili hajaingia, Mwachofi aliliondoa shauri.