Joho la Lezura

Hapo kale, milima ya Kaukazi ilipokuwa na lugha nyingi kuliko njia, watu wa bonde moja hawakuweza hata kusalimiana na watu wa bonde la pili. Kila bonde lilikuwa na mavazi yake na majina yake.

Katika bonde mojawapo aliishi mjane aitwaye Mzekala. Alijua kuponda sufu ya kondoo kwa maji ya moto hata ikawa joho zito, lisilopenywa na theluji. Joho mojawapo alimtengenezea mumewe. Mume alipofariki, binti yao mdogo, Lezura, akawa halivui, ingawa liliburuzika chini.

Siku moja Lezura alimfuata mwanakondoo mlimani, dhoruba ya theluji ikamkuta huko. Mzekala alizunguka akiita mpaka sauti ikamkauka.

"Mama Lezura, rudi ndani," majirani walimsihi. "Yaliyobaki ni ya Mungu."

Hakurudi.

Upande wa pili wa mlima, mchungaji aitwaye Ulubi alimkuta mtoto amejikunyata ndani ya joho, mzima. Watu wa Ulubi walivaa ngozi za mbuzi. Nguo kama ile hakupata kuiona. Akaishika, akauliza kwa lugha yake, "Hii ni nini?"

Mtoto akadhani anaulizwa jina. "Lezura," akajibu.

Dhoruba ilipotulia, Ulubi alimbeba mgongoni, akapanda kuwatafuta wenye nguo ile. Alipofika juu alilipunga joho, akapaza sauti: "Lezura! Lezura!"

Huku chini Mzekala akasikia jina la mwanawe likitoka mawinguni. Alikimbia pekupeku juu ya theluji.

Kwa shukrani alimpondea Ulubi joho jipya liwe lake. Baadaye wakaja wachungaji wengine, kila mmoja na lugha yake, wakigusa mabega na kusema, "Lezura." Mwanzoni Mzekala aliwasahihisha huku akicheka. Kisha binti akakua, akaolewa ng'ambo ya mito ambayo mama hakuwahi kuivuka. Hapo Mzekala akaacha kusahihisha watu. Mgeni akiita "Lezura" nje, mikono yake ilisita kwenye sufu. Akitambua ni mnunuzi tu, alitabasamu na kumkaribisha ndani.

Na tangu siku hizo, wachungaji wa milima ile, ambao mpaka leo hawaelewani kwa lolote jingine, huliita joho kwa neno hilo moja. Baridi ikianza kuuma, utawasikia wakiliulizia kutoka kila mteremko, Lezura, Lezura, kama watu wanaomwita mtoto arudi nyumbani.